Maji Yaendayo Polepole: Mitego ya Kiingereza kwa Mfasiri wa Habari

Mabibi na mabwana, asalaam aleikum na karibuni.

Tuanze na sentensi ya habari. Shirika la habari la ng'ambo limeandika kwamba wapigakura walianza "to trickle in" saa kumi na mbili asubuhi. Mhariri wa zamu, taarifa ikiwa karibu kusomwa, anaandika: wapigakura walitiririka vituoni. Msikilizaji wa Kisauni akiisikia anaona umati umejaa hadi barabarani. Mwenye habari alikusudia kinyume chake: walifika mmojammoja, kituo kikiwa bado kitupu.

Kosa hili lina sababu mbili. Ya kwanza ni sikio, maana "trickle" na tiririka yanakaribiana mlio ingawa hayana udugu wowote. Ya pili ndiyo nzito. Kutiririka kwetu hakupimi wingi, kunapima mfululizo. Bomba lililofunguliwa kidogo hutiririka, na Mto Tana nao hutiririka. Sharti ni maji yasikatike. "Trickle" hupima uchache kwanza, na hata ikikatika ikarudi, jina ni lilelile. Ndiyo maana hakuna kitenzi kimoja cha Kiswahili kitakachoifaa kila mahali. Damu na jasho huchuruzika. Watu huja mmojammoja au wachachewachache. Fedha huingia kidogokidogo. Wahenga walisema "Chururu si ndo! ndo! ndo!" na pia "Tone na tone huwa mchirizi". Ukizisikia haraka utadhani methali hizi zinagombana, lakini zote zinakubali kwamba mpaka upo baina ya tone na mchirizi. Mfasiri ajue kwanza yuko upande upi, kitenzi kitafuata.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza katika habari za uchumi. Sera ya "trickle-down", yaani kuwapunguzia matajiri kodi kwa matumaini kwamba neema itawafikia wanyonge, iliyohusishwa sana na utawala wa Ronald Reagan nchini Marekani miaka ya 1980, jina lake limependwa na wapinzani kuliko watetezi. Ndani yake mna kejeli: tajiri ashibe, maskini angoje kitakachodondoka. Ukiandika kwamba utajiri "hutiririka hadi kwa wanyonge" umeipamba sera ambayo jina lake linaicheka. Andika "hudondokea". Kitenzi hicho kinabeba kejeli bila maelezo ya ziada.

"Ripple" nayo hukuzwa isivyostahili. Hivi ni viwimbi, vile viduara vinavyotanuka jiwe likitupwa majini, na kadiri vinavyokwenda mbali ndivyo vinavyofifia. Katika magazeti yetu, wimbi ni kitu cha kuangusha watu: wimbi la uhalifu, wimbi la migomo. Kwa hiyo "ripple effect" isiwe wimbi. "Athari zinazosambaa" zinatosha. Na "a ripple of laughter" si zaidi ya kusema watu walicheka chinichini.

Sasa "seep", ambayo ikikosewa inaweza kumfikisha mtu mahakamani. Wengi huifasiri kuvuja. Kuvuja kwa Kiswahili kunadai vitu viwili, chombo na tundu. Paa huvuja, mtihani huvuja, siri huvuja. Hata methali yasema "Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi": chombo kipo, tundu lipo, na anayenufaika yupo. "Seep" haina tundu. Tazameni kuta za Mji wa Kale hapa Mombasa zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe hayo yana vinyweleo. Unyevu hupanda kutoka ardhini, maji yakikauka huacha chumvi, na rangi inabambuka. Hapana fundi atakayeziba tundu kwa sababu hakuna tundu. Habari iliyo-"seep" kutoka ofisini imepenya kwa namna hiyo, kwa minong'ono ya wengi, bila mtu mmoja wa kuelekezewa kidole. Ukiandika "imevuja" umeshasema kuna aliyeivujisha, na kama waliokuwa na siri ni wawili, umewashtaki kwa majina.

"Ooze" nitaipitia upesi. Ni ya vitu vizito, kama usaha na utomvu, na kwa mtu Kiingereza husema "he oozes confidence". Msijaribu kumtoa mtu majimaji. Semeni amejaa kujiamini. "Babble" ni jina zuri kwa kijito na baya kwa mtu. Sisi tumegawa, chemchemi hububujika na mpuuzi hubwabwaja. "Meander" imetokana na jina la kale la mto ulioko Uturuki, mto wenye mapindo mengi. Msemaji wa namna hiyo huzungukazunguka asifike kwenye hoja.

"Ebb" inataka subira zaidi, hasa hapa Mombasa. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kama 12, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji pale Kilindini hupita mita 3. Wakati wa maji mafu hushuka hadi karibu mita 1. Basi kwa mtu wa pwani kilichopwa kina ratiba ya kurudi. "Ebb and flow" inafasirika sawasawa, kupwa na kujaa. Lakini "his strength ebbed away" humsema mgonjwa asiyetarajiwa kuinuka. Ukiandika nguvu zake zilikupwa, umewaahidi jamaa zake jambo ambalo daktari hakuliahidi. Nguvu zilimwishia.

Imebaki "drift", kuchukuliwa na maji au upepo bila kujiongoza. Wengi hukimbilia kwenda arijojo, nayo ni tamu, ila arijojo ni ya tiara iliyokatika uzi: lazima kwanza pawe na mkono ulioushika. Chama kilichokosa uongozi baada ya kiongozi kujiuzulu kimekwenda arijojo. Kijana ambaye hajawahi kuwa na mpango hakukatikiwa na uzi wowote. Huyo anaishi bila mwelekeo. Na marafiki walio-"drift apart" hawakugombana wala hawakuachana kwa siku moja, kwa hiyo "walifarakana" ni kosa. Waliacha kutembeleana taratibu, na sentensi iseme hivyohivyo.