Popo Wamehamia Pate: Mhadhara Kuhusu Taashira, Motifu na Maudhui

Hamjambo? Ahsanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka upande wa Thika Road na bado mkafika kabla yangu.

Nianze na njiwa. Kila ninaposahihisha karatasi za fasihi, naletewa njiwa. Mwanafunzi akimwona tu kwenye hadithi, kalamu inakimbia: "njiwa ni taashira ya amani," yaani kitu kinachosimama badala ya wazo. Hata kama njiwa mwenyewe amechinjwa na kuungwa nazi! Simlaumu. Sisi walimu tumemfundisha taashira kama alama za barabarani, nyekundu simama, kijani nenda.

Sasa mnawajua wale korongo wakubwa wa pale Nyayo, wanaokaa juu ya migunga na kuwanyea wapita njia. Korongo ni taashira ya nini?

(Sauti kutoka nyuma: "Wanasiasa, mwalimu!" Kicheko.)

Haya. Lakini hukufungua kamusi kulipata jibu hilo. Umemkumbuka ndege mwenyewe, anakula nini, anakaa wapi, anamwangukia nani. Mwandishi akimtaja mara moja, huyo ni ndege tu, sehemu ya mandhari. Tuseme anamrudisha. Asubuhi yuko juu ya mti, mama mboga akipanga nyanya zake chini. Sura mbili baadaye yuko jaani, anagombea utumbo na mtoto. Mwishoni ametua kwenye ukuta wa jumba, ndani mna harusi. Hapo tuna motifu, yaani kitu kinachorudiwa-rudiwa katika kazi na kujenga maana. Kuhesabu amerudi mara ngapi ni kazi rahisi. Kazi ni kuona kila anaporudi kipi kimebadilika, yeye au walio karibu naye.

Tutoke Nairobi kidogo, twende Pate, kisiwa cha kule Lamu. Katika utenzi wa kale uitwao Al-Inkishafi, mshairi Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anatuingiza kwenye majumba ya matajiri waliokwisha kufa. Mnajua madaka? Ni vile vishubaka vinavyojengwa ndani ya ukuta wa nyumba za pwani, mahali pa kupangia vyombo vya fahari. Madaka yale yalikuwa ya sahani. Sasa wamelala humo makinda ya ndege. Bundi anakoroma katikati ya nyumba. Juu wananing'inia watoto wa popo, mende wanavuma, buibui wametanda nyuzi zao.

Zamani nilikuwa nikifundisha kwamba daka ni taashira ya utajiri uliopotea, naendelea na ubeti unaofuata. Jibu si baya, ila linawaacha popo nje. Siku moja nilisoma beti zile nikiwa nimetoka kuhama nyumba, nikashtuka: kumbe hawa wote ni wapangaji! Kila chumba kimepata mkazi mpya, na kila mmoja amejichagulia mahali palepale mwenye nyumba alipopaonea fahari. Ndege hakutaga popote tu. Kataga kwenye daka. Hiyo ndiyo motifu inayoziunganisha beti zile.

Na maudhui? Tafadhali msiniandikie "mauti", nukta. Mauti ni mada, na mada huweza kukaa kwenye neno moja. Maudhui ninayoyataka ni sentensi, tena sentensi ambayo mwenzako anaweza kuipinga. Mimi ningeandika hivi: nyumba ya aliyejivuna haibaki tupu, hupata wakazi wasiojua hata jina lake. Mshairi kwingine anahubiri waziwazi, tena sana, lakini kwangu pale kwenye daka ndipo anaponishika.

Nimeulizwa mlangoni kama mshairi alikusudia yote haya. Siwezi kumwuliza. Ninachoweza ni kukuonyesha ubeti, nawe unionyeshe wako, tubishane.

Basi fungueni vitini, ukurasa wa pili. Nani atatusomea? Anza na popo.