Risasi Ikinasa Mtutuni

Ndugu zangu, habari za jioni. Hapa mezani nimeweka bunduki mbili za upepo. Hii ya kushoto ni ya kukunja, ya springi na pistoni, ambayo wengi wenu ndiyo mliyoanzia. Ya kulia ni ya tungi, yaani ina chupa ya hewa iliyoshindiliwa. Zote nimeshazikagua, hazina kitu, na bado hamtaniona nikizielekeza upande mliokaa.

Fundi akiletewa bunduki iliyoziba, mara nyingi haletewi risasi peke yake. Anakuta risasi, nyuma yake spoki ya baiskeli iliyopinda, na mdomo wa mtutu umechanwachanwa. Risasi ya milimita 4.5 ni kitu laini cha nusu gramu hivi, haina ubavu wa kukwaruza chuma. Kinachoua mtutu ni kile mwenye bunduki alichokichomeka humo kwa hasira. Kwa hiyo leo nitausema sana ufito, ile fimbo nyembamba ya kusukumia kilichonasa, risasi kidogo.

Dalili mnazijua. Umefyatua, mlio umetoka mzito, na karatasi haina tundu. Hapo hapo simama. Usipakie nyingine eti iisukume ya kwanza. Ya pili inaigonga ya kwanza kisogoni, ile ya kwanza inatanuka pembeni, inakaza zaidi. Ukiongeza ya tatu na ya nne unapata kijiti kimoja cha risasi kilichoshikana, na kazi ya dakika kumi inakuwa ya siku nzima.

Inanasaje? Hewa ya tungi imeshuka na mtu hakutazama geji. Sketi ya risasi, ile sehemu ya nyuma iliyo wazi, imebonyea na ikapakiwa hivyo hivyo. Au umevuta bolti, ile komeo ya kupakilia, mara mbili bila kufyatua, magazini ikaingiza risasi mbili. Kuna na kitambaa cha kusafishia: kimekatwa kikubwa mno, kamba imekatika katikati ya safari. Hicho nakiogopa kuliko risasi, nitakirudia.

Kabla ya ufito, usalama. Bunduki ya tungi inajazwa hadi bari 200, nyingine 300, wakati tairi la gari dogo ni bari 2 na ushei. Toa hewa yote kwa njia iliyoandikwa kwenye kitabu chake, toa na magazini. Ukifungua bolti ukasikia hewa ikitoka, usishtuke, ni ile iliyokuwa imebanwa nyuma ya risasi. Ya springi nayo ina hatari yake: ikiwa imekokiwa, yaani springi imeshakazwa tayari kufyatua, na mtutu umefunguliwa, triga ikiguswa mtutu unarudi kwa nguvu zote za springi. Kidole kilichokuwa pale hakina bahati. Ufungue hadi pale unapoanza kuhisi springi inapinga, usiende mbele zaidi. Kama tayari imekokiwa na kitabu hakielezi namna ya kuilegeza, mpelekee fundi, na umwambie mlangoni kwamba imekokiwa.

Sasa ufito. Uwe wa shaba, au wa chuma kilichovikwa plastiki, umenyooka, na ncha yake bapa. Kwa mtutu wa 4.5 tafuta wa milimita 4. Kwa wa 5.5, wa milimita 5. Spoki ya baiskeli ni nyembamba mno. Ukiipitisha kwa nyuma inaingia ndani ya sketi, inatoboa kichwa cha risasi, na sketi inabaki imeng'ang'ania ukutani. Kijiti cha mbao nacho nakikataa, ingawa najua wapo humu wanaokitumia. Mbao ikipasuka mshazari ndani ya mtutu, vipande viwili vinapandana na kuwa kabari.

Usianze kusukuma. Pima kwanza. Ingiza ufito taratibu kwa mdomoni hadi uguse, weka alama kwa kucha, utoe, upime. Fanya hivyo na upande wa nyuma kama mtutu unaruhusu. Vipimo hivyo viwili ukivitoa kwenye urefu wa mtutu, kinachobaki ni urefu wa kilichoziba. Risasi moja ya 4.5 ni kama milimita 6. Ukipata 6 au 7, una risasi moja. Ukipata 25, kuna mtu hakusimama nilipomwambia asimame.

Mimi huirudisha nyuma ilikoingilia, kwa sababu mitutu mingine imebanwa kidogo karibu na mdomo, na hakuna haja ya kuilazimisha risasi ipite penye dhiki. Ukipitia mdomoni, ushike ufito katikati kwa vidole viwili usisugue ukingo. Ukingo ule ndio wa mwisho kuiachia risasi. Ukiwa na pengo upande mmoja, hewa inatoka kwa kuegemea na shabaha inakwenda kombo. Kisha sukuma kwa uzito wa mkono, bila kuachia. Ikigoma, gonga kwa nyundo ndogo, vipigo vifupi vifupi. Kwenye ya tungi ishia pale risasi inapodondoka, maana mbele yake kuna oringi, kipete cha mpira cha kuzuia hewa, na ufito ukipitiliza unaichana.

Ikigoma kabisa, matone machache ya oili nyepesi, uiache usiku kucha. Ya springi iache imefunguliwa kidogo vile vile, kinachovuja kidondokee nje. Oili ikiingia kwenye silinda, pistoni inaibana hewa hadi inapata moto na oili inalipuka, kama kwenye injini ya dizeli: moshi, kishindo, na sili, ile ya kuzuia hewa isivuje kwenye pistoni, imeungua. Kwa hiyo kabla ya kufyatua tena, futa hadi kitambaa kitoke kikavu.

Nacho kitambaa chenyewe kikinasa, kusukuma kunakishindilia. Kivute kwa ufito wenye ncha ya skrubu, kama kizibuo cha chupa: ugeuze ushike, uvute kurudi kilikotoka.

Naam, mzee wangu pale nyuma? Anauliza kama tunaweza kuupasha mtutu moto, risasi iyeyuke. Hesabu yako ni sahihi, mzee, madini ya risasi yanayeyuka kwa nyuzi 327. Lakini kabla hujafika huko umeshaunguza sili na rangi ya chuma, na iliyoyeyuka itaganda ndani ya mifereji iliyochongwa mtutuni ya kuizungusha risasi. Tena mvuke na vumbi lake ni sumu. Hata kwa njia ya ufito, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika kikombe cha chai.

Na wewe dada? Bunduki ilikaa stoo, umekuta udongo mdomoni. Huyo ni nyigu, anajenga kwenye tundu lolote la ukubwa huo. Usiusukume ndani, mchanga wake ni kama msasa. Uelekeze mtutu chini, uchokonoe kwa kijiti cha meno, udongo uangukie nje. Kinachobaki kivute kwa kitambaa chenye oili, toka nyuma kwenda mbele, na kila kikipita ukitupe uchukue kingine.