Nani Anaiita? this Ndani ya Kolibeki za Node.js

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Niko na kaka Baraka, na leo tunaingia kwenye jambo linalowasumbua wengi wanaoandika programu za seva kwa Node.js, mfumo unaoendesha JavaScript nje ya kivinjari: this, neno linaloelekeza kwenye objekti ambayo fanksheni inaifanyia kazi, ndani ya kolibeki, yaani ile fanksheni unayoikabidhi kwa mwingine aiite baadaye. Kaka, anza na kodi.

BARAKA: Sawa, dada. Chukua klasi inayoitwa Kihesabu. Ina idadi, inayoanzia sifuri, na ina fanksheni ongeza yenye mstari mmoja tu: this.idadi++. Ukiita kihesabu.ongeza() mwenyewe, idadi inakuwa 1. Sasa ikabidhi kwa setTimeout, inayoita fanksheni baada ya muda uliotaja: unaandika kihesabu.ongeza bila mabano, kisha milisekunde 1000. Sekunde inapita. Idadi ni ngapi?

REHEMA: Haijabadilika.

BARAKA: Na skrini haina kosa hata moja! Hapo ndipo penye hatari. Node inapofika wakati wa kuiita ile fanksheni, inaiita kupitia objekti yake yenyewe ya Timeout. Kwa hiyo this ni Timeout, si kihesabu chako. Timeout haina idadi, ukiongeza moja kwenye undefined, yaani thamani isiyokuwepo, unapata NaN, yaani "si namba", na hiyo NaN inaandikwa juu ya Timeout. Seva inaendelea kuhudumia watu, hesabu yako imesimama.

REHEMA: Mtu atauliza, lakini si nimeandika kihesabu, nukta, ongeza? Mbona kihesabu kimepotea?

BARAKA: Kwa sababu ile nukta hufanya kazi yake pale unapoita. Usipoweka mabano, unachukua fanksheni tupu kutoka kwenye objekti na kuipeleka, haibebi habari yoyote ya ilikotoka. Fanksheni ya kawaida hupata this yake wakati wa kuitwa, kutoka kwa anayeiita. Kwenye kodi inayosubiri, anayeiita karibu kila mara si wewe.

REHEMA: Ndiyo maana mimi sipendi watu wakariri kwamba this ikipotea inakuwa kitu fulani. Kodi hiyohiyo ya setTimeout kwenye kivinjari ingekupa window, objekti kuu ya ukurasa. Ukiipeleka fanksheni kama kidhibiti.orodhesha kwenye ruta, yaani kielekezi cha maombi, ya Express, maktaba ya kutengeneza seva, inaitwa peke yake, na kwa kuwa kodi ya klasi daima iko kwenye hali kali (strict mode), this ni undefined. Hapo angalau unapata kosa la TypeError mara ombi la kwanza linapoigusa.

BARAKA: Mimi naipenda hiyo TypeError kuliko ile NaN, kwa kweli. Inakuonyesha mstari.

REHEMA: Tiba sasa.

BARAKA: Zamani watu walihifadhi this kwenye kigeu, wakakiita self, wakakitumia ndani ya kolibeki. Bado utakikuta kwenye kodi za zamani. Mwaka 2009 toleo la tano la ECMAScript likaleta bind, inayokutengenezea fanksheni mpya iliyofungwa kwenye this unayoitaka. Kisha 2015 zikaja fanksheni za mshale, zinazoandikwa kwa alama ya =>. Hizo hazina this yake zenyewe kabisa, zinatumia ile ya mahali zilipoandikwa. Kwa hiyo ukiwa ndani ya klasi andika setTimeout(() => this.ongeza(), 1000), na mambo yamekaa sawa.

REHEMA: Ila mshale usiumwage kila mahali. Kwenye EventEmitter, klasi ya Node ya kutangaza matukio, msikilizaji, yaani kolibeki inayoitwa tukio likitokea, aliyeandikwa kama fanksheni ya kawaida hupewa this ambayo ni emita yenyewe, objekti inayotangaza tukio. Kuna kodi zinazotegemea hilo. Ukija kuzigeuza mishale kwa sababu inapendeza macho, umezivunja.

BARAKA: Na kuna hili la bind ambalo nataka tulikalie. Kila ukiita bind unapata fanksheni nyingine mpya. Mtu anaandika soketi.on('data', this.pokea.bind(this)). Baadaye anataka kumwondoa msikilizaji, anaandika soketi.off na bind ileile. Hakiondoki kitu, kwa sababu Node inalinganisha fanksheni yenyewe, na hizi ni mbili tofauti.

REHEMA: Wasikilizaji wanarundikana.

BARAKA: Wanarundikana, na kila mmoja anashikilia objekti yake kwenye kumbukumbu. Wakizidi 10 kwa tukio moja, Node inatoa onyo la MaxListenersExceededWarning. Watu wengi wakiiona wanaongeza kikomo kwa setMaxListeners na kuendelea. Jamani, msifanye hivyo kabla ya kuangalia off zenu! Funga mara moja kwenye constructor, fanksheni inayoendeshwa objekti inapoundwa: this.pokea = this.pokea.bind(this), halafu tumia this.pokea kwenye on na kwenye off.

REHEMA: Kuna aliyetuuliza kama async na await, maneno ya kusubiri kazi iishe bila kolibeki, vimemaliza tatizo hili.

BARAKA: Vimelipunguza sana. Ndani ya fanksheni moja ya async, this uliyokuwa nayo kabla ya await unaikuta baada ya await. Ni fanksheni ileile, imesimama tu kisha ikaendelea.

REHEMA: Lakini ndani yake ukiandika forEach, inayoita fanksheni kwa kila kipengele cha orodha, na kuipa async function ya kawaida?

BARAKA: Umefungua fanksheni nyingine, na anayeiita ni forEach. Kwenye klasi, this ni undefined. Tena forEach haisubiri hizo await, kwa hiyo hata ukiweka mshale bado una tatizo la pili. Tumia kitanzi cha for...of: hakuna fanksheni mpya, this inabaki yako, na kila await inasubiriwa.