Kidonda cha Utotoni Gerezani: Kukifungua, na Kukifunga

Ndugu maofisa ustawi wa jamii, washauri nasaha na askari magereza, nianzie Wales. Katika gereza la Parc, wafungwa wanaume 468 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18: kipigo, kuingiliwa kimwili, matusi, ugomvi wa wazazi, mzazi mlevi au aliyefungwa. Asilimia 84 walikuwa wamepatwa na angalau jambo moja. Asilimia 46 walikuwa na manne au zaidi. Uraiani, wenye angalau moja hawakufika nusu. Hii haina maana kwamba mtoto aliyeteswa atakuwa mhalifu, wengi hawawi.

Mtoto aliyelelewa kwa kipigo hujifunza kusikiliza nyayo. Akiwa mtu mzima, askari akimpekua kwa nyuma bila kusema neno, mwili hukakamaa na ngumi hurushwa kabla hajafikiri. Kwenye kitabu huandikwa "mkaidi". Mpekue kutoka mbele, mweleze unagusa wapi kabla hujagusa. Ni sekunde chache tu.

Mwaka 1992 daktari Judith Herman alipanga tiba ya kiwewe, yaani kidonda cha moyo kinachoachwa na mateso, kwa hatua tatu: usalama kwanza, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwa watu. Magerezani kosa kubwa ni kurukia hatua ya pili. Mtu anasimulia alivyobakwa akiwa na miaka saba, saa inagonga, anarudishwa seli, mlango unafungwa hadi asubuhi. Usiku huo ndio anaojikata. Kwa hiyo kabla ya yote uliza: amebakiza muda gani, ana kesi nyingine, anahamishwa lini? Ikiwa ni wiki chache, baki hatua ya kwanza, wala usione haya. Na katika kikao cha saa moja, dakika 15 za mwisho si za simulizi. Ni za kumtuliza, arudi hapa na sasa kabla hajaondoka.

Hatua ya kwanza ni mazoezi ya vitendo. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita. Taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa: ukuta, blanketi, ubaridi wa sakafu. Mfundishe akiwa ametulia na arudie kila siku, maana akishapandwa na hofu hajifunzi kipya. Askari wa zamu ya usiku naye ajue: asimtikise aliyeota vibaya. Asimame mbali kidogo, amwite kwa jina, amwambie yuko wapi na ni saa ngapi.

Lakini kutibu kiwewe peke yake hakuzuii kurudia kosa. Ulevi, marafiki na fikra zinazohalalisha ukatili vishughulikiwe pamoja nacho. Grendon, gereza la tiba lililofunguliwa Uingereza mwaka 1962, hufanya hivyo katika vikundi vidogo mara tatu kwa wiki. Kikundi kilichosikia utoto wa mtu ndicho hicho kitakachomuuliza juu ya aliyemdhuru. Utafiti uliona kurudia kosa kukipungua hasa kwa waliokaa miezi 18 au zaidi.

Akihamishwa ghafla, mwandikie mwenzako wa huko ukurasa mmoja, kwa ridhaa yake mfungwa: nini humpandisha hofu, nini humtuliza, mmefika hatua gani. Simulizi lenyewe usiliandike. Bahasha ifungwe mbele yake.