Thomas Hauser, wakili aliyewaandika mabondia

Asanteni jamani, huko nyuma mnanisikia? Haya tuendelee.

Leo namuongelea Thomas Hauser, na nimemchagua makusudi kwa sababu humu naona vijana wengi mnaotaka kuandika michezo, ila wengi mnaishia nani kampiga nani raundi ya ngapi, basi. Huyu jamaa kazaliwa mwaka 1946, kasoma sheria Columbia, New York, akaajiriwa kwenye kampuni kubwa ya mawakili, halafu akaiacha ile kazi akakaa chini kuandika. Na kitabu chake cha kwanza wala hakikuwa cha ngumi, kilimhusu Charles Horman, Mmarekani aliyeuawa Chile baada ya mapinduzi ya 1973. Kilitoka 1978, na 1982 kikazaa filamu ya Missing. Mimi naamini huko kwa Horman ndiko alikojifunza kila kitu, yaani kuwatafuta waliokuwepo, kuwasikiliza, halafu kupima maneno yao kama ushahidi wa mahakamani.

Ngumi akaziingia na The Black Lights, 1986, humo alimfuata bondia Billy Costello mpaka kambini na kuonyesha pia biashara nzima inavyoendeshwa, promota, meneja, nani anakula nini.

Sasa Muhammad Ali, bingwa wa ngumi wa dunia. Kitabu chake, Muhammad Ali: His Life and Times, kilitoka 1991, na kilichonishika mimi ni kwamba Hauser kajiweka pembeni kabisa, kawaachia wanaongea wenyewe, ndugu, wake zake Ali, madaktari, wapinzani kina Foreman na Frazier, kila mtu na kauli yake hata kama inagongana na ya mwenzake. Ali aliruhusu hadi habari za ugonjwa wake zielezwe na madaktari waliomtibu! Hebu fikirieni bingwa wetu yeyote hapa kama angekubali. Na Ali mwenyewe na mkewe Lonnie walisomewa mswada kwa sauti ili makosa yarekebishwe, lakini kufuta ukweli haikuruhusiwa.

Ndiyo maana mle kuna mambo ya aibu pia, na moja linatuhusu sisi. Mwaka 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Ali Afrika kushawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, akatua Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere akakataa kumuona, kwamba Marekani inamtuma mwanamichezo kuzungumza na mkuu wa nchi! Ali akaulizwa maswali magumu na waandishi mpaka akaanza kujiuliza hadharani kama hajatumiwa. Mwandishi mwoga angeliruka hilo akakimbilia Kinshasa 1974, Ali alipompiga Foreman, maana kule kuna shangwe.

Baadaye kaandika vingi mno, kuna cha Arnold Palmer wa gofu 1994, makala zake za ngumi zikawa zinakusanywa kitabu baada ya kitabu, na akachaguliwa kuingia Ukumbi wa Heshima wa Ngumi, kundi la 2020. Ila mimi namheshimu zaidi kwa kitabu cha 2005, The Lost Legacy of Muhammad Ali, pale aliposema wazi kwamba wafanyabiashara wanamlainisha Ali, wanamuuza kama babu mpole wa kila mtu, ule ukali wake wa miaka ya 60 na kule kukataa kwake kwenda vitani Vietnam vinafichwa ili bidhaa ziuzike. Mtu aliyekuwa rafiki wa familia anasema hivyo!

Haya, maswali. Na kama kuna mzee humu alikuwepo Dar 1980, tafadhali maiki aanze kupewa yeye, na nyie vijana rekodini.