Betye Saar: Kitu cha Kuokota Huja na Kesi Yake

Walimu wangu na wanafunzi wa sanaa, ahsanteni kwa kunikaribisha. Mmeniomba nizungumzie sanaa ya vitu vya kuokota, nami nitamzungumzia msanii mmoja tu: Betye Saar, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1926. Wengi humjua kwa visanduku vyake, anamopanga vitu vya kuokota viwe kazi ya sanaa, wakasahau kwamba alianza na uchapaji wa picha. Kwangu mimi, bila chapa, visanduku vile havieleweki.

Tuanze na bamba. Mchapaji hupaka nta juu ya bamba la chuma, akaichora, kisha akalitia bamba kwenye asidi. Asidi hula pale tu nta ilipoondoka. Hapo ndipo huingia wino, karatasi mbichi na mashine ya kuchapia. Sasa ipo nta laini ambayo hata kuichora si lazima: igandamizie jani, kipande cha lesi au muhuri wa mpira, itashika alama yake. Saar aliitumia sana nta hiyo miaka ya 1960. Kwa hiyo kabla hajapanga kitu ndani ya kisanduku, tayari vitu vilikuwa vinaingia kwenye picha zake kwa alama.

Mapenzi ya kuokota yalimwanza utotoni. Akienda kwa bibi yake mtaa wa Watts, hukohuko Los Angeles, alimwona Simon Rodia, mhamiaji wa Kiitaliano, akijenga minara kwa vyuma, saruji, vigae vilivyovunjika, chupa na makombe. Rodia aliijenga kuanzia 1921 hadi 1954. Mwaka 1967 Saar akaona maonyesho ya Joseph Cornell, fundi mkubwa wa visanduku, kule Pasadena. Mwaka 1969 akachukua fremu ya dirisha kuukuu, akatengeneza *Black Girl's Window*, yaani Dirisha la Msichana Mweusi. Chini, umbo jeusi la msichana limesogea hadi kwenye kioo, viganja vimekigandamiza kama karatasi inavyokandamizwa juu ya bamba. Macho yake hufumba na kufumbua unapopita. Juu yake kuna vyumba vidogo tisa vya picha: mwezi, nyota, simba.

Alipouawa Martin Luther King mwaka 1968, Saar aliingiwa na hasira, akaanza kukusanya picha na vinyago vya kuwadhihaki watu weusi. Vilikuwa vimejaa kwenye masoko ya vitu vya zamani. Mwaka 1972 akachukua kimojawapo, sanamu ya mtumishi mweusi anayechekelea, iliyotengenezwa ili ishikilie karatasi za kuandikia. Mkono mmoja una ufagio. Wa pili akaupa bunduki. Mahali pa karatasi akaweka picha ya yaya mweusi amebeba mtoto, na mbele yake ngumi nyeusi. Nyuma, lebo ya unga wa chapati za maji, sura ileile ya Aunt Jemima, mtumishi mweusi wa kubuni aliyetumiwa kutangaza unga huo, imerudiwarudiwa ukuta mzima. Miguuni ni pamba.

Kazi yote haifiki hata sentimeta 30 kwenda juu, lakini Angela Davis, mwanaharakati Mmarekani mweusi, aliwahi kusema kwamba vuguvugu la wanawake weusi lilianzia hapo. Mimi naitazama zaidi ile lebo. Tusi lilienea kwa sababu lilichapwa mara elfu na elfu. Saar, mchapaji, aliijua nguvu ya kurudia, akaigeuzia kibao. Wala hakuifuta ile sura. Angeipaka rangi nzuri, ushahidi ungepotea.

Mwaka 1998 alikuwa bado kwenye njia hiyohiyo. Alichukua meza ya kupigia pasi, akachapa juu yake ule mchoro wa karne ya 18 wa meli ya watumwa, watu wamepangwa kama mizigo. Pasi akaifunga kwa mnyororo. Nyuma akatundika shuka jeupe lililotariziwa kwa uzi mweupe herufi KKK, za Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatesa na kuwaua watu weusi; huzisomi mpaka usogee. Meza, pasi na shuka ni vya kazi za nyumbani, na kazi hizo wengi wa wanawake weusi wa Marekani walizifanya katika nyumba za wengine. Chapa ndiyo inayoitaja meli iliyowafikisha mababu zao huko.

Nimeleta bamba na nta laini, ziko pale mezani. Anayetaka kujaribu aje na kitu chake, na asikisugue kwanza. Karibuni maswali.