Namna ya kupitia rasimu ya ratiba ya vipindi na kuomba mabadiliko kabla haijafungwa

Karibu mwalimu mwenzangu, karibu mratibu wa ratiba wa idara, na karibu zaidi wewe uliyekabidhiwa kazi hii juzi na hujui uanzie wapi. Rasimu ya ratiba ya muhula imetoka, umeipata kwa baruapepe, na umepewa siku chache za kutoa maoni. Katika video hii tutaipitia pamoja, tutatafuta migongano, halafu tutaandika ombi la mabadiliko ambalo ofisi ya ratiba itaweza kulifanyia kazi. Mifano yangu ni ya vyuo vikuu vya Tanzania. Fomu za chuo chako zinaweza kuwa na sura tofauti, lakini kazi yenyewe ni hii hii.

Kabla ya kugusa kompyuta, naomba tukubaliane jambo moja. Wengi wetu tukifungua rasimu tunatafuta majina yetu. Tukiona vipindi vyetu havigongani na siku tunazozitaka tumezipata, tunafunga faili. Ratiba hiyo inakuwa nzuri kwa mhadhiri, na wanafunzi wanakuja kugundua wiki ya kwanza kwamba wana kozi mbili za lazima kwa wakati mmoja. Kwa hiyo leo tutaanza na mwanafunzi, tufuate ukumbi, na jina lako tuliache mwisho.

Hatua ya kwanza, kusanya unavyohitaji. Weka mezani orodha ya kozi zote zinazofundishwa muhula huu na idara yako, mgawanyo wa kozi kwa wahadhiri uliopitishwa na kikao cha idara, muundo wa kila programu unaoonyesha kozi za lazima na za hiari kwa kila mwaka, na orodha ya kumbi pamoja na idadi ya viti. Kama hukupewa orodha ya kumbi, iombe leo. Bila hiyo utapendekeza ukumbi wa viti 60 kwa darasa la watu 200.

Angalia pia toleo la rasimu. Juu kabisa ya ukurasa kuna tarehe au namba ya toleo. Nimeona idara ikifanya kazi usiku kucha kwenye toleo la kwanza wakati la pili lilishatoka mchana.

Hatua ya pili ni saa. Tazama hapa kwenye skrini: ratiba imeandikwa 07:00, 13:00, 19:00. Sisi tunasema saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 1 usiku. Ukimpigia simu mhadhiri wa muda na kumwambia "una kipindi saa saba", hakikisha amekuelewa ni 13:00, maana mwingine ataona 07:00 kwenye karatasi na kuishika hiyo. Katika maombi yote andika saa kama zilivyo kwenye ratiba, kwa tarakimu nne, mwanzo na mwisho wa kipindi.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Hatua ya tatu, geuza ratiba iwe jedwali. Ratiba nyingi huletwa kama PDF yenye viboksi vya siku na saa. Inasomeka vizuri kwa macho, ila haichujiki. Iombe ofisi faili la Excel, na kama halipo, nakili vipindi vya idara yako mwenyewe, kipindi kimoja mstari mmoja. Safu A iwe msimbo wa kozi, B siku, C saa ya kuanza, D saa ya kumaliza, E ukumbi, F mhadhiri, G kundi la wanafunzi, yaani programu na mwaka wao, na H idadi yao. Kozi ikisomwa na programu tatu, iandike mara tatu, kila programu na mstari wake. Usiziweke programu tatu kwenye seli moja, kwa sababu kompyuta haitaziona kuwa ni makundi tofauti.

Simamisha video hapa kama bado unaandika.

Umemaliza? Panga jedwali kwa G, kisha B, kisha C. Tumepanga kwa kundi la wanafunzi, siku, na saa ya kuanza. Nenda safu J, mstari wa 3, uandike fomula hii: =AND(G3=G2,B3=B2,C3<D2). Iburute hadi chini. Fomula inauliza swali moja tu: je, kundi hili hili, siku hii hii, limeanza kipindi kingine kabla ya kile cha juu yake kwisha? Jibu likiwa TRUE, una mgongano. Ni bora kuliko kutafuta vipindi vinavyoanza pamoja, kwa sababu kipindi cha 08:00 hadi 10:00 na kile cha 09:00 hadi 11:00 havianzi pamoja lakini vinagongana.

Tahadhari mbili. Saa zilizonakiliwa kutoka PDF mara nyingi huingia kama maandishi, na hapo 10:00 huhesabiwa kuwa ndogo kuliko 8:00. Ziandike zote kwa tarakimu nne, 08:00, au zibadilishe ziwe saa halisi. Ya pili, TRUE si lazima iwe kosa. Semina za kozi moja zinaweza kupangwa kwa wakati mmoja katika vyumba vinne kwa makusudi, kwa sababu darasa limegawanywa. Kozi za hiari nazo zinaweza kupishana iwapo mwanafunzi anachagua mojawapo tu. Fungua kila TRUE na uisome.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo vyuo vyetu vinapoumia zaidi: wanafunzi wa ualimu. Mwanafunzi wa Shahada ya Sanaa na Elimu ana masomo mawili ya kufundishia na kozi za elimu juu yake. Anayesoma Kiswahili na Historia anatawaliwa na idara tatu, na kila idara inaangalia ratiba yake peke yake. Idara ya Kiswahili haioni mgongano. Idara ya Historia haioni mgongano. Mgongano uko kwa mwanafunzi. Kwa hiyo kwenye safu G usiandike "Elimu mwaka wa 2" peke yake. Andika mchepuo: Kiswahili na Historia, Kiswahili na Jiografia, Kiswahili na Kiingereza, na kadhalika, kisha leta vipindi vya idara nyingine kwenye jedwali lako. Mpigie mratibu mwenzako wa idara jirani, mbadilishane majedwali. Simu hiyo moja huokoa migongano mingi kuliko kikao chochote.

Wapo pia waliokeri kozi, yaani waliofeli kozi ya nyuma na sasa wanairudia. Hao hawaonekani kwenye muundo wa programu, maana mwanafunzi wa mwaka wa 3 anarudi kukaa na mwaka wa 2. Huwezi kuwaridhisha wote, lakini kama kozi fulani ina waliokeri wengi, uliza idadi yao na uangalie isigongane na kozi za lazima za mwaka wao.

Hatua ya nne, kumbi. Panga upya kwa E, B, C, na kwenye fomula badilisha G iwe E. Sasa TRUE ina maana kozi mbili zimewekwa ukumbi mmoja. Kozi moja iliyoandikwa mara tatu kwa ajili ya programu tatu itajitokeza tena, ivuke. Halafu linganisha safu H na idadi ya viti. Kwa mwaka wa kwanza kuwa mwangalifu: udahili hufanyika kwa awamu, na rasimu mara nyingi hutoka kabla idadi kamili haijajulikana. Chukua idadi ya mwaka jana, ilinganishe na nafasi zilizotangazwa mwaka huu, uandike makadirio yako wazi kuwa ni makadirio.

Angalia pia umbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kampasi ya Mlimani, lakini Ndaki ya TEHAMA iko Kijitonyama. Mwenye kipindi kinachoisha 12:00 upande mmoja na kingine kinachoanza 12:00 upande wa pili hatafika, hata kama fomula imesema FALSE. Na kama kuna mwanafunzi au mhadhiri anayetumia kiti cha magurudumu, ukumbi wa ghorofani usio na lifti haufai. Hilo liandike kama hitaji la lazima na usiombe radhi.

Hatua ya tano, sasa tafuta jina lako na majina ya wenzako. Panga kwa F, B, C, na rudia fomula ukiweka F. Hakikisha jina la mtu mmoja limeandikwa namna moja, la sivyo atahesabiwa watu wawili. Tazama kama kozi zote zina vipindi vyake kamili, mihadhara, semina na maabara. Kozi ya krediti 12 ni saa 120 za kazi kwa mwanafunzi, kujisomea kukiwamo, na kipindi cha semina kikisahaulika kwenye ratiba hakitafidiwa kirahisi katikati ya muhula. Angalia Ijumaa 13:00, saa ya sala ya Ijumaa, na vipindi vya Jumamosi kwa Wasabato. Mama anayenyonyesha ana haki, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Ratiba inayombana kuanzia 07:00 hadi 15:00 mfululizo inamnyima haki hiyo, na mratibu ndiye wa kuliona kabla mama mwenyewe hajalazimika kulalamika.

Tumefika kwenye ombi. Nataka uelewe kwa nini ofisi ya ratiba husita kubadilisha. Kupanga ratiba ni kazi ngumu hata kwa kompyuta. Mwaka 1976 Shimon Even, Alon Itai na Adi Shamir walithibitisha kuwa tatizo hili, hata likirahisishwa sana, limo katika kundi la matatizo ambayo hadi leo hakuna aliyepata njia ya haraka na ya uhakika ya kuyatatua yote. Ukihamisha kipindi kimoja unagusa ukumbi, mhadhiri, na makundi yote yanayokisoma. Ombi linalosema "naomba mnibadilishie Jumanne" linaiachia ofisi kazi yote. Ombi zuri ni hili hapa:

"Kozi: KF 201, mhadhara. Ilivyo sasa: Jumanne 10:00–12:00, ukumbi B3, viti 120. Tatizo: mwaka wa 2 mchepuo wa Kiswahili na Historia wana HS 204 muda huo huo, wanafunzi 46. Pendekezo la kwanza: Alhamisi 14:00–16:00, B3, uko wazi kwenye toleo la 2. Pendekezo la pili: Jumatano 16:00–18:00, B3. Tumekagua makundi yote manne yanayosoma kozi hii, hayana kipindi katika nyakati hizo. Mhadhiri ameridhia."

Kozi na namba hizo ni za mfano, lakini uone jinsi lilivyo fupi. Anayelisoma hana swali la kurudisha.

Maombi yote ya idara yaende kwa pamoja, yamesainiwa na mkuu wa idara, kwa njia rasmi iliyotangazwa. Yapange kwa uzito: kwanza migongano, pili kumbi zisizotosha na mahitaji ya kisheria au ya afya, tatu matakwa. Matakwa si dhambi. Mtu ana haki ya kusema angependa kufundisha asubuhi. Ila yakichanganywa na migongano na yote kuandikwa "haraka sana", ofisi haitajua ianze na lipi. Kama wawili mnataka kubadilishana vipindi, kubalianeni wenyewe kwanza, kagueni makundi yenu, mlete ombi moja lenye saini mbili.

Baada ya kutuma, omba uthibitisho wa kupokelewa, na toleo jipya likitoka rudia fomula zote tatu. Usikague ulichoomba peke yake, kwa sababu idara nyingine nazo zimehamisha vipindi vyao na migongano mipya huzaliwa hapo. Ombi likikataliwa, uliza sababu kwa maandishi, kisha tuma pendekezo la pili.

Toleo la mwisho likishatangazwa, watumie CR, yaani wawakilishi wa darasa, wa kila mwaka faili lenyewe, sio picha ya skrini, na uwaombe wafute rasimu za zamani kwenye makundi yao ya WhatsApp. Kisha nenda kwenye mbao za matangazo ukabandue zile ulizobandika mwenyewe.